Fenobabitoni ya miligramu 30 kwa mbwa mwenye kifafa
Nyota nne kati ya tano. Vidonge hivi vya binadamu ndivyo tunavyovipendekeza kwanza: bei nafuu, vinapatikana kwa cheti cha daktari, na hesabu yake nyepesi. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 20 anapewa viwili saa moja asubuhi na viwili saa moja jioni, bila kuruka hata siku moja.

Wiki mbili za kwanza ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Mbwa anapepesuka, miguu ya nyuma inapishana akishuka ngazi, anamaliza bakuli zima la maji kisha anakojoa ndani. Mwenye mbwa huona kama kalishwa sumu, akaacha dawa. Usiache! Ukikatisha ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mfululizo. Ulegevu hupungua mwili ukizoea, na dawa yenyewe huhitaji kama wiki mbili kutulia kwenye damu. Njaa ndiyo hubaki, kwa hiyo pima chakula.

Nyota tuliyoipunguza ni ya ini. Dawa hii huweza kuliumiza, na ini nalo huzoea kuivunja upesi, hata dozi iliyotosha Januari isitoshe Juni. Damu ipimwe baada ya wiki mbili, baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Kiwango kiwe kati ya mikrogramu 15 na 35 kwa mililita. Kikizidi hapo, ini liko hatarini. Mwambie mchukua damu mapema atumie chupa isiyo na jeli: jeli huinyonya dawa, majibu yanashuka, na mbwa anaongezewa dozi asiyoihitaji.

Mwenye ini bovu asipewe. Daktari anaweza kumwandikia potasiamu bromaidi, ila hiyo huchukua miezi mitatu kutulia, na ukimzidishia samaki wa chumvi inatoka mwilini haraka.

Kidonge hakimsaidii aliyekwisha anguka. Zikipita dakika tano, au akianguka mara mbili ndani ya saa 24, mkimbize kliniki. Usimtie mkono mdomoni. Hawezi kumeza ulimi. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, daktari amwone kabla ya dawa yoyote.