Programu ipi ya kuchora majengo ujifunze? Nimezipanga kwa ramani ya taa na mkato wa ukuta

Vijana wanaoanza kuchora ramani za nyumba huniuliza wanunue programu gani. Nami huwaambia wafikirie michoro miwili: ramani ya taa za sebule, na mkato wa ukuta, yaani mchoro unaouonyesha kana kwamba umekatwa, kuanzia msingi hadi kenchi. Picha ya nyumba yenye rangi na miti mbele inapendeza, lakini fundi umeme hafungi taa kwa kutazama picha, wala mwashi hawezi kujua humo karatasi ya DPC, ile ya kuzuia unyevu usipande ukutani, inalala kwenye kozi ya ngapi. Programu itakayokufundisha kuchora hiyo miwili vizuri ndiyo inayostahili hela yako. Kwa kipimo hicho, nimezipanga hivi.

Ya kwanza: Revit

Revit, ya kampuni ya Autodesk, inaujua ukuta kuwa ni ukuta. Huchori mistari miwili sambamba. Unaupanga ukuta tabaka kwa tabaka: lipu ya nje milimita 15, tofali milimita 150, lipu ya ndani milimita 12. Ukikata mkato, tabaka zote zipo. Ukibadili tofali la inchi 6 kuwa la inchi 9, ramani ya sakafu na mikato yote vinafuata bila wewe kufuta mstari hata mmoja. Anayeanza hushtuka mkato wake ukitoka na mistari miwili mitupu. Mara nyingi ni kwa sababu kiwango cha undani wa mchoro kimewekwa cha chini kabisa. Kipandishe, tabaka zitajitokeza.

Hata hivyo, programu haitakuwekea DPC, wala haitakuamulia lenta ikae vipi juu ya dirisha. Hayo unayachora mwenyewe kwa skeli ya 1:10 au 1:5, na hapo ndipo inapojulikana kama unajua ujenzi au unajua kompyuta tu.

Upande wa taa, Revit ina ramani ya dari, ile inayochorwa kana kwamba sakafu ni kioo nawe unaitazama dari ndani yake. Taa zinashikamana na dari: ukiishusha dari ya jipsamu sentimita 20, zinashuka nayo. Ukiifuta dari, zile zilizofungwa juu yake nazo hufutika, kwa hiyo hariri umbo la dari, usiifute uanze upya.

Mwanafunzi au mwalimu wa chuo kinachokubaliwa na Autodesk huipata bure kwa mwaka mmoja, na anaweza kuhuisha akiwa bado anastahili, ila si kwa kazi ya kulipwa. Wengine hulipia kwa muda, maana Autodesk waliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Anayelipa kwa mfuko wake aangalie kifurushi chenye Revit LT na AutoCAD LT pamoja. Jambo moja ulijue mapema: faili lililohifadhiwa kwenye Revit ya mwaka mpya halifunguki kwenye ya zamani. Uliza ofisi unayoilenga inatumia toleo la mwaka gani. Na Revit ni ya Windows.

Ya pili, na ni bure: DIALux evo

Haitakuchorea mkato wa ukuta, lakini naiweka hapa juu kwa sababu programu nyingi hukuonyesha taa ilipo tu, na hii hukuonyesha mwanga unaofika. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3. Ni mita za mraba 12. Ukitaka wastani wa luksi 150, yaani lumeni (kipimo cha mwanga) 150 kwa kila mita ya mraba, zinatakiwa lumeni 1,800 zifike pale unapopimia, na taa zenyewe zitoe zaidi, kwa kuwa kuta na dari humeza sehemu. Humeza kiasi gani? Inategemea rangi, urefu wa dari na aina ya taa. Hesabu hiyo DIALux, ya kampuni ya DIAL ya Ujerumani, huifanya kwa faili za taa zinazotolewa na watengenezaji wenyewe. Ingiza ramani yako ya DWG, yaani faili la michoro la aina ya AutoCAD, simamisha kuta, panga taa, kisha itazame kona ya jikoni penye kivuli cha kabati. Utajifunza mengi jioni moja.

Ya tatu: AutoCAD LT

Hii ni ya mistari ya bapa, haina 3D. Kwa mkato wa ukuta bado ni nzuri mno, na fundi, injinia na ofisi nyingi hupokeana faili za DWG. Hatari yake ni alama. Kwenye nyumba moja niliyoichora miaka ya mwanzo, niliweka taa nne za kuzama darini na pangaboi katikati, nikalichora kama kimsalaba kidogo. Lilipofungwa, mapanga yake yakapita chini ya taa mbili. Mama mwenye nyumba akaniita usiku, akawasha vyote, akasema, "Mwanangu, kaa hapo usome gazeti." Kivuli kilikuwa kinapiga ukurasa bila kupumzika, na macho yakaanza kuuma. Aliingia gharama ya kuhamisha taa kwa kosa langu. Tangu siku hiyo pangaboi la inchi 56 nalichora kwa duara lake halisi, sentimita 142, kabla ya kuweka taa hata moja.

Usiyependa kulipa kila mwaka, tazama BricsCAD ya Ubelgiji: inafanya kazi kwa DWG na huuzwa pia kwa leseni ya kudumu.

Zinazobaki

Archicad, iliyotoka Hungaria, kwa kuta za tabaka haiko nyuma ya Revit, na inakubali Mac. Ukiwa na Mac, ipandishe iwe ya kwanza. SketchUp ni rahisi kujifunza, ila ile ya bure haina LayOut, programu yake ya kupanga karatasi za michoro, na bila hiyo ni vigumu kutoa karatasi ya michoro yenye vipimo. FreeCAD ni bure kwa kila mtu. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Inataka subira, na kufungua DWG huhitaji kigeuzi cha pembeni.

Programu za wizi zilizovunjwa leseni, zinazouzwa kwenye flashi, siziweki kwenye orodha. Niliwahi kununua moja dukani, ikaja na virusi vilivyokula kazi ya wiki tatu.

Kwa kompyuta mpakato, tafuta RAM ya GB 16 na diski ya SSD. Kioo kikubwa kisubiri. Halafu, kabla ya kulipa, chukua muda wa majaribio ya bure, upime chumba unacholala kwa futi kamba, uchore dari yake na ukuta wake wenye dirisha.