Joint ya South B wanaoweka March Madness: mbuzi safi, na timu 68 zinatosha

Kila Machi watu huniuliza ni wapi Nairobi mtu anaweza kuangalia March Madness, yale mashindano ya mtoano ya basketi ya vyuo vya Marekani, bila kubembeleza weita, sasa leo naandika. Iko South B, juu ya duka la vipuri, ngazi nyembamba, tivii mbili tu lakini ile kubwa mwenyewe anaiachia basketi Alhamisi na Ijumaa ya raundi ya kwanza.

Na si lazima ukeshe. Mechi za kwanza zikianza mchana kule, hapa ni saa moja na robo jioni, unatoka job unapanda mat unaagiza nusu kilo ya mbuzi na ikifika mezani bado ni first half. Mbuzi wao sina neno, anakatiwa hapo mbele yako kwa ubao bado anachuruzika mafuta, kachumbari imejaa dania, ugali wa moto. Soda ndiyo huwa haijapoa.

Kitu imenishika zaidi ni ile droo. Mwenyewe huprinti kwa saiba ya hapo chini, karatasi moja ya A4, timu 64 zote zinaenea, kila mtu anajaza na biro yake nani atashinda kisha zinabandikwa ukutani na selotepu. Mzee wa kaunta, hata hajui chuo cha Gonzaga kiko wapi, na yeye alijaza.

Sasa hapo ndipo stori ya kuongeza timu za mashindano kutoka 68 hadi 72 ama 76 ilituwasha meza nzima. Mimi nakataa kabisa. Bingwa wa ligi ndogo tayari ana tiketi yake, hizo nafasi za kuongezwa zinaenda kwa wale wa kuchaguliwa na kamati, na hao wengi ni wa ligi kubwa. 2025 SEC pekee, moja ya hizo ligi kubwa, iliingiza timu 14 kati ya 16! Mbaya zaidi, kwa mfumo wa 68 mabingwa wanne wa chini wanapelekwa Dayton, Ohio, kutoana kabla ya ile droo ya 64, na ukifika 76 zitakuwa mechi 12 za kutoana, maanake wadogo wengine watasukumwa huko. Vijana wamepigana msimu mzima wakashinda ligi yao, halafu watolewe Jumanne usiku, wakati hapa ni saa nane na joint imefungwa na karatasi haijabandikwa.

Jamaa mmoja alinipinga vizuri. Akasema chuo cha VCU 2011 walianzia hizo mechi za Dayton wakafika Final Four, yaani nusu fainali, na chuo cha FDU 2023 walipitia hukohuko wakaja kuangusha wakubwa Purdue 63-58. Ni kweli, nikamkubalia. Lakini wote wawili waliingia na hizi 68, hakuna aliyehitaji 76 ndio tumwone.

Mimi nilianza kupenda hii kitu 2018, mechi ya chuo kidogo cha UMBC, namba 16, na Virginia, namba 1, alfajiri, simu nimeiegemeza kwa kikombe, bando inaisha. Half time 21-21. Namba 16, yaani waliopangwa chini kabisa, walikuwa wamekutana na namba 1, waliopangwa juu kabisa, mara 135 kwa wanaume na hawajawahi kushinda hata moja, sikuthubutu kuinuka hata kuwasha jiko. Ikaisha 74-54 kwa UMBC. Hiyo ndiyo naogopa waharibu, mdogo akutane na mkubwa siku ya kwanza, kila mtu anaangalia.

Lalamiko langu kwa joint ni moja, Alhamisi ya mwaka jana weita alibadilisha chaneli akaweka mpira wa Ulaya dakika mbili kabla ya mwisho na tofauti ni pointi moja. Mwenyewe alipanda mbio akarudisha, tukakuta wachezaji wanapeana mikono. Alituomba msamaha akaleta supu ya bure, lakini hiyo mechi sijasahau.

Nawapa nne kwa tano. Ukienda Alhamisi fika kabla ya saa moja, meza ya chini ya ile tivii kubwa huisha haraka, na beba biro yako.