Kompyuta ya mtumba, PS5 au PS4? Mpangilio wangu kwa anayetaka kununua kitu kimoja cha gemu

Jibu kwanza, sababu zitafuata. Kama una hela ya kitu kimoja tu cha kuchezea gemu nyumbani, na unanunua Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au popote vifaa vipya na vya mtumba vinapouzwa pamoja, mpangilio wangu ni huu. Namba moja, kompyuta ya ofisi ya mtumba iliyoongezewa kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za gemu. Namba mbili, PS5 yenye sehemu ya diski. Tatu, PS4 Slim iliyotumika. Nne, Xbox Series S. Tano, laptop ya gemu. PS3 iliyochipiwa, yaani iliyochezewa ili isome gemu za wizi, sijaipa namba.

Kompyuta kukaa juu kutawashangaza wengi, kwa sababu vijiweni habari ni ileile: gemu za kompyuta zimekwisha, dunia imehamia PlayStation. Habari hiyo ni ya siku nyingi, na zamani ilikuwa na msingi wake. Miaka ya 2000, maboksi ya gemu za PC yalikuwa yanapungua kwenye rafu za maduka ya Marekani na Ulaya, na waliohesabu mauzo walihesabu maboksi. Wachezaji hawakuwa wameacha kucheza. Walikuwa wanahamia Steam, duka la mtandaoni la kampuni ya Valve lililofunguliwa Septemba 2003. Machi 2020 Steam ilivuka watu milioni 20 waliomo kwa wakati mmoja, Machi 2022 milioni 30, Machi 2025 milioni 40. Sony wenyewe, waliokuwa wakifungia gemu zao kubwa ndani ya PlayStation, walizileta kwenye kompyuta: Horizon Zero Dawn mwaka 2020, God of War mwaka 2022. Na konsoli, yaani mashine za gemu tu kama PlayStation na Xbox, nazo hazipandi zote. Mapato ya Microsoft yatokanayo na mashine za Xbox yalishuka kwa asilimia 42 katika robo mwaka iliyoishia Juni 2024.

Kilichokwisha kweli ni unafuu, na umekwisha pande zote mbili. PS2 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 299 na miaka kadhaa baadaye ikafika dola 99. Hivyo ndivyo tulivyozoea: ngoja, bei itashuka. PS5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549.99. Miaka karibu mitano sokoni, na bei inapanda! Kompyuta nazo zimepata pigo lao. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, iliruka kwa sababu viwanda vinakimbilia mahitaji ya mitambo ya akili bandia, na Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD (diski za kasi) kwa watumiaji wa kawaida. Ndiyo maana sikushauri ununue kompyuta mpya ya kuunganisha kipande kwa kipande. Nakushauri mtumba, na tena mtumba wa aina maalumu.

Kompyuta ya ofisi yenye kadi ya grafiki

Mashine ninazozungumzia ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre. Zilitumika miaka michache kwenye ofisi za Ulaya au Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikatufikia zikiwa na maisha marefu mbele yake. Ni imara, vipuri vyake vipo, na fundi yeyote anazijua.

Usianze na jina, anza na kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane. Core i5-8500 inakubalika, i5-6500 haikubaliki, ingawa maboksi yanafanana na muuzaji atakuambia zote ni i5. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokuambia kizazi kwa mashine za umri huu.

Halafu tazama umbo. Kuna mnara, kuna boksi jembamba linalolala, na kuna kale kadogo unakokashika kwa mkono mmoja. Hako kadogo usinunue kwa gemu, hakana nafasi ya kadi. Boksi jembamba linakubali kadi fupi tu, ambazo ni adimu na ghali. Chukua mnara. Mwambie muuzaji afungue ubavu, na kama hataki, nenda duka la pili. Ukishafungua, tafuta tundu refu la PCIe, la kuchomekea kadi, kwenye mazabodi na usome kibandiko cha pawa saplai. Pawa saplai za mashine hizi ni ndogo na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kuilisha kadi kubwa. Kwa hiyo unahitaji kadi inayotosheka na wati 75 zinazopita kwenye tundu lenyewe. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zimo kwenye kundi hilo, lakini kagua kadi yenyewe, kwa sababu baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la waya wa pini sita na hayatafanya kazi bila huo waya.

Hapa kwenye kadi ndipo watu wanapolizwa. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Ukiangalia kwenye mipangilio utaona jina zuri, ukifungua gemu skrini inaganda. Kinga yake ni nyepesi: weka programu ya bure ya GPU-Z kwenye fleshi yako, ifungue palepale dukani kabla hujatoa hela. Ikiitambua kadi feki ya Nvidia, huandika neno FAKE mbele ya jina lake. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiomba kupima.

Nunua mashine ikiwa tayari na RAM ya GB 16, mbili za nane nane. Ukisema utaongeza baadaye, utaongeza kwa bei ya baadaye. SSD ni lazima, hata ya GB 256 kwa kuanzia, na hard disk ya kawaida iwepo pembeni kwa gemu za zamani.

Mashine hiyo inacheza nini? GTA V vizuri, eFootball, Fortnite, Counter-Strike 2, Dota 2, Valorant. Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama, vyote viwashwe kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), na kizazi cha nane kinavyo. Gemu kubwa zinazotoka sasa utazicheza kwa kupunguza ubora wa picha, na baadhi hutaziweza kabisa. Hilo likubali mapema. Lakini kucheza mtandaoni hulipii ada ya kila mwezi. Steam hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujafikisha saa mbili za kucheza. Na mashine hiyohiyo mdogo wako anafanyia kazi za chuo, wewe unahariri video, shangazi anapiga hesabu za duka kwenye Excel. Konsoli haitamlipia mtu ada ya chuo. Kwa familia nyingi nizijuazo, hoja hiyo peke yake inatosha.

Ubaya wake ni bando. Kwenye kompyuta hakuna diski ya kutumbukiza, na gemu moja kubwa inaweza kufika GB 100 au kuzidi. Wachache wanajua kwamba huhitaji kuishusha upya kama rafiki yako anayo. Nakili folda ya gemu kutoka steamapps/common ya kwake hadi ya kwako kwa hard disk ya nje, kisha bonyeza kuinstoli kwenye akaunti yako ambako gemu imenunuliwa au ni ya bure. Steam itakagua mafaili na kushusha kilichopungua tu. Tangu Februari 2023 Steam pia inaweza kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani. Kwa malipo, bei huku kwetu zinakuja kwa dola, na kadi pepe za mitandao ya simu zinafaa. Kenya, M-Pesa GlobalPay ipo tangu 2022.

PS5 yenye sehemu ya diski

Ukiwa na hela, na kazi za kompyuta unazo pa kuzifanyia, PS5 ni raha tupu. Hakuna kukagua kadi, hakuna BIOS, unawasha unacheza. Sharti langu ni moja: iwe na sehemu ya diski. Diski ni mali. Unainunua, unaimaliza, unaiuza au unabadilishana na jirani. Mchezaji wa gemu ya mpira anayeuza toleo la mwaka huu Agosti, kabla jipya halijatoka Septemba, anarudisha sehemu nzuri ya hela yake. Aliyeshusha kwenye akaunti harudishi hata senti. PS5 pia inasoma karibu diski zote za PS4, kwa hiyo soko lote la mtumba ni lako.

PS5 Slim ya Novemba 2023 isiyo na diski inaweza kuongezewa kisomeo baadaye, ila kinahitaji intaneti mara ya kwanza kuunganishwa. PS5 Pro inauzwa bila kisomeo.

Jambo la kulijua kabla ya kulipa: PSN, mtandao wa PlayStation wenye akaunti na duka la gemu, haijafunguliwa rasmi Tanzania wala Kenya. Watu wanafungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kununua vocha, na vocha lazima iwe ya nchi ya akaunti. Vivyo hivyo nyongeza za gemu unazoshusha, lazima zilingane na eneo la diski yako. Chagua nchi moja ubaki nayo. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, gemu iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako PSN haipo rasmi. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, Sony wakaondoa sharti hilo ndani ya siku chache. Nililipokea jambo lile kwa uchungu, maana lilionyesha jinsi tunavyoweza kufungiwa mlango na mtu asiyetufikiria kabisa. Na kucheza mtandaoni gemu za kulipia kunahitaji PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony. Za bure kama Fortnite na eFootball hazihitaji.

Kama unanunua kwa ajili ya GTA VI, geuza namba moja na mbili. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series bila kompyuta. GTA V ilitoka kwenye konsoli Septemba 2013 na kufika kwenye PC Aprili 2015.

PS4 Slim

Kwa nyumba yenye watoto na mpira wa wikendi, PS4 bado ina thamani, na EA Sports FC 26 imetoka hata kwa ajili yake. Namba ya modeli ya Slim inaanza na CUH-2, Pro na CUH-7. Zinazoanza na CUH-1 ni zile nene za mwanzo, na nyingi zimechoka.

Usinunue kwa picha. Washa, ingiza diski, cheza nusu saa ukisikiliza feni: ikivuma kama inataka kupaa, kuna vumbi na pesti ya prosesa iliyokauka, omba punguzo la matengenezo. Achia pedi mezani bila kuigusa uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Ingia kwenye akaunti yako palepale kwa hotspoti ya simu, kwa sababu mashine iliyofungiwa na PSN haitakuruhusu, na hilo halionekani kwa macho. Hakikisha imesasishwa kupita toleo 9.00 la mwaka 2021, lililoondoa tatizo la gemu kugoma betri ya saa inapokufa.

Xbox Series S na laptop

Series S ni ndogo, kimya, na inakula umeme kidogo. Lakini haina diski kabisa, na ya GB 512 inajaa upesi. Inamfaa mwenye Wi-Fi ya nyumbani isiyo na kikomo. Mafundi na marafiki wa kubadilishana nao pedi pia ni wachache huku.

Laptop ya gemu naiweka mwisho kwa sababu joto ndilo adui yake, kadi yake haibadilishwi, na chaja yake ikifa ni gharama. Mwanafunzi anayehamahama hosteli anaweza kuipandisha hadi ya pili, na sitabishana naye. PS3 ilitoka 2006 na gemu mpya haipati tena. Kuichipu ni kuiba kazi ya waliotengeneza gemu, na mara nyingi unauziwa yenye hard disk iliyochakaa.

Umeme na siku ya kulipa

PS5 ikifanya kazi kweli hula karibu wati 200, yaani uniti moja ya LUKU kwa saa tano hivi. PS4 Slim hula karibu nusu ya hapo. Weka stabilaiza kwa chochote utakachonunua, na kwa kompyuta ongeza UPS hata ndogo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili la gemu linaweza kuharibika.

Siku ya kulipa, nenda mchana, beba fleshi yenye GPU-Z, diski moja ya kujaribia na pedi yako kama unayo. Risiti iandikwe namba ya serial ya mashine, siyo neno "PS4" au "kompyuta" peke yake, na muda wa kurudisha uandikwe kwa tarehe. Namba ya kwenye risiti ilingane na ya kwenye kibandiko cha chini ya mashine kabla hujaondoka dukani.