Kabati la chembe za mbao baada ya masika ya Unguja
Kabati hili la milango mitatu nililinunua katika duka moja la samani mjini Unguja, na kwa miezi ya kwanza sikuwa na la kulalamikia. Masika yalipoingia, hewa ikawa nzito hata chumvi ya mezani ikarowana, na ukingo wa chini, uliokatwa bila kuzibwa, ukaanza kuvimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ubao wa aina hii ni chembe za miti zilizoshindiliwa kwa gundi. Unyevu ukipenya, chembe hutanuka, gundi huachia, na hata hewa ikikauka ubao haurudi kwenye unene wake wa awali. Skrubu za bawaba zililegea kwa kukosa pa kushika, huku zenyewe zikipata kutu, kwani chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hufyonza maji yaliyomo hewani. Mlango wa kati sasa hauna budi kuinuliwa kwa mkono ndipo ufungike. Nguo za nyuma zilipata madoa ya ukungu, lakini hapo nakiri kosa langu, maana nililiegemeza kabati ukutani. Muuzaji alinijibu kwa upole kwamba dhamana haihusu maji, ingawa hakuna tone lililolimwagikia. Anayeishi Dodoma, kwenye hewa kavu, huenda akalifurahia. Wa pwani namshauri aongeze fedha amwendee fundi wa mninga, mbao isiyotanuka wala kusinyaa sana, au adai kingo zote zizibwe kabla ya kulipokea.