Kumsikiliza Esma Redžepova kwenye simu: uzoefu wangu

Esma Redžepova, mwimbaji wa jamii ya Waroma kutoka Skopje, mji mkuu wa Masedonia Kaskazini, aliyezaliwa 1943 na kufariki Desemba 2016, ana sauti ambayo mimi sina la kuipunguzia. Shida iko kwenye huduma za muziki za simu. Nyimbo zake zimo tele, ila zimetawanywa vibaya.

Chanzo ni tahajia. Ukiandika Redžepova unapata fungu moja, Redzepova jingine, Redjepova jingine tena, na Есма Реџепова kwa herufi za Kimasedonia huweza kukutolea ambazo hukuziona kote huko. Hata Čaje Šukarije, wimbo wake mashuhuri alioutunga akiwa bado msichana mdogo, umeingizwa pia kama Chaje Shukarije. Tafuta kwa majina yote, kisha kusanya unachokipata kwenye orodha yako moja. Mwaka ulioandikwa pembeni usiutegemee: mara nyingi ni wa kutolewa kwa mkusanyiko, kwa hiyo rekodi ya miaka ya 60 inaweza kuonekana ya juzi tu.

Masikio ndiyo yatakayokuamulia. Rekodi za zamani ni za bendi ya Stevo Teodosievski, mpiga kodiani aliyemwibua na kumwoa mwaka 1968. Vyombo ni vichache: kodiani, klarineti, na ile ngoma ambayo wao huiita tarabuka na wapenzi wa taarab huiita dumbak. Sauti iko mbele kabisa. Unamsikia akivuta pumzi, na akifika mwisho wa mstari anaikata ghafla kwa kwikwi, kisha anaidaka tena juu zaidi. Kwa kwikwi hiyo, nenda moja kwa moja kwenye Zošto si me majko rodila, binti akimuuliza mama yake mbona alimzaa. Hapo ndipo utajua kwa nini watu walimwita malkia.

Baadhi ya rekodi za baadaye zina kinanda cha umeme. Zinachezeka vizuri, lakini kinanda kinafunika zile pumzi, na kwangu hiyo ni hasara kubwa. Upigaji wenyewe haukushuka: Esma na Stevo walilea watoto 47, wengine wakakulia ndani ya bendi hiyo hiyo, na mtindo wa Stevo ukaendelea hata baada ya yeye kufariki 1997. Wimbo wa Eurovision 2013, shindano la nyimbo la Ulaya, alioimba na mwimbaji Vlatko Lozanoski uache kwanza. Ni mwepesi mno kumtambulisha.

Kuhusu mipangilio: zima kiongeza besi. Rekodi za zamani zina mvumo wake, na besi ikizidishwa dumbak inageuka kishindo kisicho na mpigo. Weka ubora wa juu. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja hula takriban MB 2.4, kwa 128 ni karibu MB 1, ila noti za juu zinaanza kukwaruza, na Esma huimba juu muda mwingi. Pakua kwa waifai, sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, maana spika ya simu huimeza dumbak yote ikaacha klarineti ikipiga kelele peke yake.

Maelezo ya nyimbo hutayapata kwenye huduma hizo za simu. Kwa hayo, tafuta albamu Songs of a Macedonian Gypsy, aliyoitoa pamoja na mwimbaji Usnija Jašarova, kwenye katalogi ya Smithsonian Folkways, lebo ya muziki ya Marekani.