Mabango ya mitaa kwenye daladala za Tanga: anza na la Bombo

Kama ukuta wako una nafasi ya bango moja tu, chukua la Bombo, mtaa wenye hospitali ya mkoa. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ukiingia kwenye karakana ya vijana wanaochora mabango haya pale Ngamiani, macho yatavutwa kwanza na Raskazone, na utatoka nalo bila kuyaangalia mengine. Raskazone ni zuri na nitalieleza. Lakini la Bombo ndilo lililonifanya nitoe hela bila kubembeleza bei.

Mimi nilikuwa konda. Nimesimama mlangoni mwa Haisi za mji huu miaka mingi kabla ya kufungua saluni ya kiume huku Makorora. Vituo nilikuwa navitaja kwa sauti kutwa nzima, kwa hiyo niliposikia kuna vijana wanaochora mitaa ya Tanga na kubandika picha ndani ya daladala na kwenye vibanda vya vituo, nilikuwa na maswali mawili. Mgeni akiitazama picha, atajua pa kushukia? Na mwenyeji akiiona, atasema huku ni kwetu?

Kila mtaa wameupa mchoraji anayeishi huko au aliyekulia huko. Anachora kwanza kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ile wanayopakia baiskeli. Njia hiyo ilipata jina kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora na kuuza picha zake Dar es Salaam mwaka 1968, na kwa mji wenye baiskeli nyingi kama wetu naona imefika mahali pake. Hadibodi ikikauka wanaipiga picha, kisha inachapwa kwa saizi mbili. Ndogo, nyembamba na ndefu, inabandikwa juu ya madirisha ya gari, pale penye stika za kukataza kutoa kichwa nje. Kubwa inakwenda kituoni, na hiyo kubwa ndiyo wanayotuuzia na sisi.

Sasa Bombo. Mchoraji angeweza kuchora lile jengo la zamani la Wajerumani la hospitali, linaloitazama bahari, na hakuna ambaye angemlaumu, maana ni jengo la kihistoria na linapendeza. Yeye amechora mwanamke aliyekaa siti ya dirishani, amepakata kikapu. Uso wake hauonekani, bango limemkata begani. Ndani ya kikapu kuna chupa ya chai na hotpoti iliyofungwa kitambaa, na mfuniko wa hotpoti haukai sawa, kwa hiyo dole gumba lake limeukandamiza. Kwenye pindo la kanga kuna fundo dogo la hela. Nje ya dirisha unaona kipande tu cha ukuta wa hospitali na watu wawili watatu wanaoharakisha.

Yeyote aliyewahi kuuguza mtu Bombo anamjua mwanamke huyo. Saa za kuona wagonjwa gari lilikuwa linajaa vikapu kama hicho, na abiria hao hawasemi "shusha" kwa nguvu kama wengine, wanagusa bega lako tu. Suka wangu wa siku hizo alikuwa hapigi honi akikaribia kituo kile, na hakuna aliyemfundisha. Yote hayo nimeyaona kwenye lile dole gumba. Nilipolitundika saluni, mteja aliyekuwa kitini, mashine ikiwa bado kichwani, aliniuliza limetoka wapi. Alimuuguza mama yake pale. Tulikaa kimya hadi nikamaliza kumnyoa, na alipotoka alielekea Ngamiani moja kwa moja.

Bango la Ngamiani lenyewe lina akili nyingi. Wote tunajua Ngamiani inakwenda kwa namba, barabara baada ya barabara, na mgeni akitoka stendi ya Kange na karatasi iliyoandikwa Barabara ya 14 ndipo taabu yake inapoanza. Mchoraji ameuangalia mtaa kutoka juu kama ubao wa drafti, namba kubwa kila mstari, na kwenye kila barabara ameweka jambo moja: muuza kahawa na dele lake juu ya jiko la makaa, wazee kwenye baraza, fundi aliyeigeuza baiskeli magurudumu juu, shughuli ya harusi iliyoziba njia kwa turubai. Mgeni atahesabu namba. Mwenyeji atatafuta kwake. Hapa saluni wateja wameshabishana sana kuhusu yule fundi wa baiskeli, kwamba amewekwa barabara siyo, na kila mmoja ana wake wa kumtaja. Mimi naona ubishi huo ni sifa kwa mchoraji. Nina neno moja kwake: namba ziko wazi upande wa kushoto tu, na gari likija kutoka upande wa pili abiria anazisoma kinyume.

Raskazone wamechora nyuki. Hakuna Mtanga asiyejua kwa nini, ila kwa wasomaji wa mbali nieleze. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kwa meli kutoka India wakawashusha upande wa Raskazone, wauteke mji kutoka kwa Wajerumani. Waliokuwa wakiwangoja, wengi wao askari Waafrika chini ya von Lettow-Vorbeck, walikuwa wachache mno kulinganisha nao, na bado wavamizi wakarudishwa baharini. Katikati ya risasi nyuki walitoka mizingani wakawashambulia watu bila kuuliza ni wa upande gani, na hadi leo vita hivyo tunaviita Vita vya Nyuki. Bango lina mwembe mmoja mkubwa, wingu la nyuki linamwagika kutoka matawini, na mchangani kuna viatu vya kijeshi vilivyoachwa, vingine vimelala ubavu. Askari hata mmoja hayupo. Chini, pembeni kabisa, kuna watoto wa leo wanaokwenda kuogelea na taulo mabegani. Nimelipenda, na rangi ya manjano ya wale nyuki imekolea vizuri sana. Kama unalinunulia chumba cha wageni au hoteli, hili ndilo.

La Amboni ni la mkonge, mapango hayaonekani kabisa, na watu wamelilalamikia kwa hilo. Mimi namuunga mkono mchoraji. Mapango yana vibao vyake barabarani tayari. Mkonge ulioujaza mkoa huu ulianza na miche aliyoileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mchoraji amechora miche 62, midogo, imepangwa mistari, na nyuma yake wakataji wawili wameinama. Nimeihesabu na mwanangu, imetimia.

Mkwakwani ni ya kawaida. Ukuta wa uwanja, vijana juu ya mti, watu wanaingia. Wapenzi wa Coastal Union watalinunua kwa ajili ya ule mwaka 1988 walipochukua ubingwa, ulioandikwa kwa chaki ukutani, na wa African Sports wameniambia wanangoja la kwao. Sawa.

Bango lisilofaa ni la mjini kati. Lina jahazi, mnazi uliopinda na jua linalozama. Litundike Kilwa, Lamu au Bagamoyo, hakuna atakayeuliza. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu aliyelichora ana mkono mzuri kuliko wenzake karibu wote, tanga la jahazi lile limekunjana kwa upepo mpaka unausikia. Lakini abiria akilitazama hajui ashuke wapi. Mjini kati kuna mnara wa saa. Kuna reli, na ujenzi wa reli hiyo ulianzia hapa Tanga mwaka 1893, ikapandisha mpaka Moshi. Reli ndiyo inayotenga mjini kati na Ngamiani, kila daladala inaivuka, na konda anaitumia kuwaambia watu wajiandae. Kwa nini isichorwe? Nilimwambia kijana huyo mwenyewe. Alisema watalii wanapenda majahazi. Nikamwambia watalii hawapandi gari la Sahare saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna shida ya maandishi pia, na hii ni ya mabango yote. Chini ya kila picha kuna mstari mwembamba unaotaja kituo kilichopita na kinachofuata. Ni jambo jema kuliko yote waliyobuni, na wameliandika kwa herufi ndogo za kijivu juu ya bluu. Jioni, ndani ya Haisi yenye taa moja hafifu, watu wamesimama wameinama, bibi wa miaka sabini hawezi kusoma. Waandike kwa nyeupe juu ya nyeusi, kubwa, hata kama picha itapungua kidogo. Mafundi wanaoandika majina ya magari nyuma wanajua herufi inayosomeka kutoka mbali, vijana wakawaulize.

Karatasi zinachapwa Dar na kuletwa kwa basi hadi Kange. Zangu zilichelewa kuliko nilivyoahidiwa na mojawapo ilifika imekunjika pembe. Walinibadilishia bila maneno, nikaridhika. Kubwa ya kawaida nililipa shilingi 15,000, yenye laminesheni 20,000. Chukua yenye laminesheni, joto la huku na chumvi ya hewa vitaikunja ile nyingine. Usiitundike linapopiga jua la mchana. Niliyoiweka karibu na mlango imeanza kupauka kwenye rangi nyekundu. Fremu hawauzi, tafuta fundi wako.

Jina la mchoraji lipo pembeni mwa kila bango, na sehemu ya mauzo ni yake. Nilimuuliza binti anayesimamia pale, aliyesomea sanaa Bagamoyo, kuhusu yale yaliyo ndani ya magari. Nani analipa?

"Hakuna, mjomba," akasema. "Tunabandika bure. Wengine wanatudai sisi."

Hapo ndipo aliponionyesha kwenye simu mabango ya zamani ya London. Kule, kuanzia mwaka 1908, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya reli za chini ya ardhi, Frank Pick, alianza kuagiza mabango kwa wachoraji, mtu akiwa anangoja treni aone bustani, mto, kitongoji ambacho treni hiyo hiyo ingemfikisha. Kampuni ndiyo ilikuwa inalipa. Ilijua kwamba mtu aliyeipenda sehemu ataipandia gari kwenda huko, na kazi hiyo bado inaendelea kule zaidi ya miaka mia baadaye.

Nawaambia wenye magari wa Tanga, na wengi tunajuana: lipeni. Mnalipia redio, mnalipia taa za rangi, mnamlipa fundi wa maandishi kwa jina la gari na mstari mmoja wa nyuma, na hamjawahi kumwambia aandike bure kwa sababu anapenda kuandika. Abiria anayejua kituo chake hamcheleweshi konda, gari linasimama mara moja na kuondoka, na hesabu ya jioni inatimia. Mimi nimefanya kazi hiyo, najua muda unaopotea kwa mgeni mmoja aliyepitilizwa na anayetaka kurudishiwa nauli. Hata kama hesabu hiyo isingekuwepo, mtu ameketi usiku kuchora kikapu cha mama anayekwenda Bombo, na gari lako linapata heshima kwa kazi yake.

Kwa hiyo: Bombo kwanza, Ngamiani ya pili, Raskazone kama una wageni. Amboni kwa mwenye watoto wanaopenda kuhesabu. La mjini kati liache mpaka walichore upya, na binti amenihakikishia linachorwa upya. Karakana inafunguliwa asubuhi, wanafunga kwa swala ya Ijumaa na kurudi alasiri. Sasa hivi wanamalizia Sahare na Mabawa. La Sahare nimeliona bado likiwa kwenye hadibodi, lina mvuvi anayepanda daladala na ndoo ya samaki na abiria wawili waliogeuza nyuso, na konda amenyoosha mkono kuipokea ndoo. Nimeshaliwekea oda, la laminesheni.