Kidude cha kusoma taa ya injini: nimekitumia, tazama kabla hujanunua

Haya jamani, kidude mlichokuwa mnaniuliza ndicho hiki. Kinaenea kiganjani. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva, halafu kinaongea na simu yako kwa Bluetooth. Magari yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996 yana soketi hii. Ulaya, ya petroli yakafuata 2001. Lako likiwa la zamani zaidi, inama uchungulie kwanza kabla hujatoa pesa.

Nachomeka, nafungua swichi. Mnaona? Taa ya injini ile pale, na simu inaandika P0171. Yaani hewa imezidi, petroli haitoshi. Hapa ndipo watu tunapoliwa, na mimi nimeliwa. Mara ya kwanza kukutana na namba hii nilikimbilia sensa mpya ya oksijeni, ile inayopima hewa kwenye moshi wa eksozi. Nikafunga, siku ya tatu taa hiyooo, imerudi. Kumbe sensa ya zamani ilikuwa nzima, tena ilikuwa inasema kweli! Mbaya wangu alikuwa mpira wa hewa nyuma ya injini, umepasuka ufa mwembamba kama unywele.

Kwa hiyo usiishie kwenye namba ya kosa. Ingia huku kwenye vipimo vinavyotembea. Nimewasha injini, sijakanyaga mafuta. Hii asilimia ni petroli ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia: 18. Sogeza kamera. Sasa nakanyaga hadi mizunguko 2500... inashuka, 9, 6, 5. Basi kuna hewa inapenya kwa wizi mahali fulani. Ingekuwa inapanda kadiri ninavyokanyaga, ningeanza kushuku pampu ya petroli au filta yake. Kwangu mimi, ukurasa huu peke yake ndio unaolipa bei ya kidude.

Ukikuta P0300, injini inamisi, yaani kuna silinda zinakosa kuwaka. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo. Mara nyingi ni plagi au koili inayoipa plagi umeme. Hamishia koili ya silinda moja kwenye nyingine. Kosa likihama nayo, umeshamkamata. Ila taa ikiwa inapepesa, usiendelee kulikimbiza gari, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega kwenye eksozi, yale yanayosafisha moshi. P0420 ndiyo inayotaja masega yenyewe, na masega ni ghali, kwa hiyo kagua kwanza kama eksozi haivuji. Halafu kuna mfuniko wa tangi la mafuta. Msicheke! Ukilegea tu, gari nyingi zinawasha taa, na hata ukiukaza inaweza kuchukua safari kadhaa kuzimika.

Kitufe hiki cha kufuta makosa sikipendi. Kinafuta pia kumbukumbu ya joto, mwendo na mizunguko ya wakati kosa linatokea, na fundi anazihitaji hizo. Piga picha ya skrini kwanza.

Kasoro zake: Bluetooth inakatikakatika, hakijasoma breki za ABS wala mifuko ya hewa kwenye gari hili, na ukikisahau kwenye soketi kinanyonya betri. Hata hivyo changu kinakaa garini, sikirudishi.

Na wewe uliyeuliza kama kidude hiki kinafaa taa nyekundu ya oili ikiwaka: hapana, hapo usikitafute. Egesha, zima injini, chomoa kijiti cha kupimia oili.